Kopo la Mkaa Ndani ya Gari

Karibu kila gari la petroli linalopita Thika Road lina mkaa ndani yake. Si gunia wala debe, na si wa kuchomea nyama. Ni kopo la plastiki jeusi, mara nyingi ukubwa wa mkebe wa maziwa ya unga, limefichwa chini ya boneti au huko nyuma karibu na tanki. Wengi wenye magari hawajawahi kuliona. Hawatalijua hadi siku fundi atakapowaambia limekufa, nao watauliza: kwani lilikuwa la nini?

Swali zuri hilo. Kulijibu inabidi tuanzie kwenye tundu.

Tanki la mafuta lazima lipumue. Injini ikinywa petroli, nafasi inayobaki ndani ya tanki lazima ijazwe na kitu, na kitu hicho ni hewa. Hewa isipopata njia ya kuingia, tanki linajivuta kwa ndani na mafuta yanakataa kushuka. Waulize watu wa boda. Pikipiki inazima katikati ya barabara, mafuta yapo, plagi iko sawa. Jamaa anafungua kifuniko cha tanki, kinafanya psss, anafunga, anapiga kiki, safari inaendelea. Hakuna uchawi hapo. Tundu dogo la kifuniko lilikuwa limeziba vumbi, tanki likakosa pumzi.

Magari ya kwanza yalikuwa hivyohivyo. Ford Model T, lililouzwa kuanzia 1908 hadi 1927, lilikuwa na tanki chini ya kiti cha mbele na halikuwa na pampu ya mafuta. Petroli ilishuka yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye kabureta. Mlima ukiwa mkali na mafuta yakiwa machache, kabureta ilijikuta juu kuliko petroli, kwa hivyo dereva aligeuza gari na kuupanda mlima kinyumenyume. Watu walicheka, wakazoea. Kifuniko cha tanki kilikuwa na tundu la kuingiza hewa, na hakuna aliyeona shida.

Shida ni kwamba tundu linaloingiza hewa linatoa hewa pia. Na hewa inayotoka kwenye tanki la petroli haitoki mikono mitupu.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali zinazoitwa haidrokaboni, na baadhi yake ni nyepesi kiasi kwamba zinachemka kwenye joto la chini kuliko la mwili wako. Gari likiegeshwa juani, tanki linapata joto na mvuke unapanda. Ukizima injini baada ya safari ndefu, joto la chumani lilikuwa linachemsha petroli iliyobaki kwenye kabureta, nayo ikatoka. Ukijaza lita 40 kwenye tanki lililokuwa limeisha, lita 40 za hewa iliyojaa mvuke zinasukumwa nje. Hata kupanda mwinuko kunaongeza mambo. Toka Mombasa uje Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, kisha ufungue kifuniko cha tanki: ile psss unayoisikia ni mvuke uliokuwa unatafuta mlango.

Kwa zaidi ya miaka 40 baada ya Model T kutoka kiwandani, mvuke huu haukuwa na jina kwenye hesabu ya mtu yeyote. Hauonekani. Moshi wa ekzosi unaonekana, mtu anaweza kuunyoshea kidole. Mvuke wa tanki unanuka kidogo, basi. Ilibidi mji mzima uanze kulia machozi ndipo mtu akaupima.

Mji huo ni Los Angeles. Tarehe 26 Julai 1943, vita vikiwa vimepamba moto, wakazi walijikuta ndani ya wingu zito la rangi ya kahawia. Macho yaliwasha, makoo yakakereketa. Wako walioamini kwamba Wajapani wameshambulia kwa gesi. Ilipoonekana si vita, lawama ikaangukia kiwanda kimoja cha mtaa wa Aliso kilichotengeneza butadini, malighafi ya mpira wa bandia. Kikafungwa kwa muda. Wingu likabaki palepale. Baadaye zikalaumiwa tanuri za kuchomea taka ambazo familia nyingi zilikuwa nazo uani, na mwaka 1957 zikapigwa marufuku. Wingu halikuondoka.

Aliyefumbua fumbo hilo hakuwa mtaalamu wa magari. Arie Haagen-Smit alikuwa mwanakemia aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1900, akifundisha katika chuo cha Caltech, na kazi yake ilikuwa ladha na harufu. Alikuwa akichunguza harufu ya nanasi, tunda ambalo mtu wa Thika hahitaji kuelezwa. Alijua kuinasa harufu kutoka hewani kwa kuipitisha kwenye mabomba yaliyopozwa sana, kisha kuchambua matone yaliyoganda. Akaombwa aifanyie hivyo hewa ya Los Angeles. Alichopata ni matone machache ya kitu cha kahawia chenye harufu mbaya.

Kutoka hapo alionyesha jambo ambalo leo liko kwenye vitabu vya shule. Chukua haidrokaboni za petroli, chukua oksidi za nitrojeni kutoka kwenye injini, weka jua juu yake, na utapata ozoni. Ozoni iliyo juu kabisa angani inatukinga na miale mikali. Ya huku chini inachoma mapafu, inaharibu mboga shambani, na inapasua mpira. Haagen-Smit alitumia mpira wenyewe kama kipimo: alikunja vipande vyake na kuhesabu vilichukua dakika ngapi kupasuka. Los Angeles imezungukwa na milima, na mara nyingi tabaka la hewa ya joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Jua lipo, magari yapo, petroli ipo. Mji ulikuwa unajipikia sumu yake wenyewe kila asubuhi.

Si kila mtu alifurahia habari hizo. Watafiti wa taasisi ya Stanford Research Institute, waliogharamiwa na kampuni za mafuta, walizipinga hadharani. Haagen-Smit alikasirika, akaacha mananasi yake na kurudi maabara kuthibitisha. Mwaka 1952 alikuwa ameshachapisha maelezo yake.

Mwaka uliofuata, diwani mmoja wa kaunti ya Los Angeles aitwaye Kenneth Hahn alianza kuwaandikia barua wakubwa wa kampuni za magari huko Detroit. Aliwauliza: mnafanya nini kuhusu hewa chafu ya magari yenu? Ford walimjibu kwamba gesi za magari hutawanyika haraka angani na hazileti tatizo. Hahn hakuchoka. Aliandika miaka nenda miaka rudi, na barua hizo zikaja kuwa ushahidi wa aina yake, kwa sababu mwezi Januari 1969 serikali ya Marekani iliwashtaki watengenezaji wakubwa wa magari kwa madai kwamba tangu 1953 walikuwa wamekubaliana kimyakimya kuchelewesha vifaa vya kupunguza uchafuzi. Yaani walikubaliana kwamba hakuna atakayemtangulia mwenzake. Shauri lilimalizwa kwa mapatano mwaka huohuo, bila kusikilizwa mahakamani mbele ya umma.

Wakati huo wahandisi walikuwa wameshaligawa gari kama mchinjaji anavyomgawa mbuzi. Katika gari lisilo na udhibiti wowote, haidrokaboni zilitoka sehemu tatu. Takriban asilimia 60 zilipitia bomba la moshi. Asilimia 20 hivi zilivuja kwenye tumbo la injini, chini ya pistoni. Na asilimia 20 nyingine zilikuwa mvuke wa tanki na kabureta. Ebu fikiria: sehemu moja kati ya tano ya uchafu huo ilitoka bila kuchomwa kabisa. Gari lingeweza kuwa limezimwa, mwenyewe amelala, na bado linachafua.

Tumbo la injini lilikuwa rahisi. Lilifungwa kwa paipu na vali ndogo inayorudisha gesi kwenye injini, na magari ya California yakaanza kuwekewa kuanzia yale ya 1961. Bomba la moshi lilikuwa kazi kubwa, likachukua miaka. Mvuke wa tanki ulikuwa na kitendawili chake: huwezi kuliziba tanki, maana lazima lipumue. Sasa utaliachaje lipumue bila kuvuja?

Jibu lilikuwa mkaa.

Ukichoma kuni au vifuu vya nazi bila hewa ya kutosha unapata mkaa wa kawaida. Ukiupitishia mvuke wa maji wa moto sana, au kemikali fulani, unatobolewa vitundu vidogo visivyohesabika. Gramu moja ya mkaa wa namna hiyo inaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita 1,000 za mraba, kwa hivyo gramu 10 zikitandazwa zinafunika uwanja mzima wa mpira. Gesi zikipita, zinang'ang'ania kwenye kuta za vitundu. Askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia walipumua kupitia mkaa huo ndani ya vinyago vya kujikinga na gesi, na vifuu vya nazi vilikuwa kati ya malighafi zilizopendwa zaidi. Mwaka 1918 Wamarekani waliombwa wakusanye hata kokwa za matunda ili zichomwe ziwe mkaa wa vinyago.

Kumbe kinyago hichohicho kingeweza kuvalishwa tanki. Paipu inatoka juu ya tanki hadi kwenye kopo la mkaa. Gari likiwa limeegeshwa, mvuke unapanda, unaingia kwenye kopo, unanaswa, na hewa safi ndiyo inatoka. Ukiwasha injini na kuondoka, vali inafunguka. Injini inavuta hewa kupitia kwenye mkaa, mvuke unabanduka, unaingia kwenye injini na kuchomwa kama mafuta mengine. Mkaa unabaki mtupu, tayari kwa usiku unaofuata. Hakuna cha kujaza, hakuna cha kumwaga. Na petroli uliyoilipia inafanya kazi badala ya kupotea.

California ilidai udhibiti huu kwenye magari ya 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa magari ya 1971. General Motors walichagua kopo la mkaa. Chrysler walijaribu kwanza kuuhifadhi mvuke ndani ya tumbo la injini, kisha nao wakahamia kwenye mkaa. Haagen-Smit mwenyewe alikuwa amefanywa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya hewa ya California mwaka 1968. Mtu wa nanasi sasa ndiye aliyeshika kiboko.

Lakini sheria ni kitu kimoja, kupima ni kingine. Mwanzoni wapimaji walifunga vikopo vya mkaa kwenye matundu ya gari wanayoyajua, wakapima vimeongezeka uzito kiasi gani. Umeliona kosa? Walipima pale tu walipodhani mvuke unatoka. Mvuke uliopenya kwenye mpira uliochoka, au kwenye kiungo kilicholegea, haukuhesabiwa. Basi likaletwa wazo lingine: chukua gari zima, lifungie ndani ya chumba kisichopitisha hewa, na upime hewa ya chumba. Haijalishi mvuke umetokea wapi, ukitoka utaonekana. Kwa magari ya 1978 kiwango cha Marekani kiliwekwa kuwa gramu 6 kwa kila jaribio. Kwa magari ya 1981 kikashuka hadi gramu 2. Kopo halikubadilika sana. Kilichobadilika ni macho ya mpimaji.

Kuanzia magari ya 1996, kompyuta ya gari huko Marekani ilianza kujichunguza yenyewe. Iliweza kugundua uvujaji wa tundu la milimita 1 kwenye mfumo mzima wa mvuke, na baadaye la nusu milimita. Ndiyo maana, katika magari yenye mfumo huo, kifuniko cha tanki kisipokazwa vizuri taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na dereva anaingiwa na baridi akidhani injini imekufa. Kumbe gari linalalamika tu kwamba linanuka.

Ilibaki saa moja ya hatari: saa ya kujaza. Hapa ugomvi ukawa mtamu, kwa sababu haukuwa tena kati ya serikali na matajiri. Ulikuwa kati ya matajiri na matajiri wenzao. Watengenezaji wa magari walisema: wekeni kwenye pampu mpira unaofyonza mvuke na kuurudisha chini ya ardhi. Kampuni za mafuta zikasema: hapana, nyinyi wekeni kopo kubwa zaidi kwenye gari. Kila mmoja alitaka bili iende kwa jirani. Mwaka 1990 Bunge la Marekani liliamuru njia zote mbili zitumike. Mwaka 1992 shirika la mazingira la nchi hiyo likakataa kulazimisha kopo kubwa, likitaja usalama. Wanamazingira wakaenda kortini, na mwaka 1993 wakashinda. Kanuni ikatoka 1994, na kopo kubwa likaanza kuingia kwa awamu kuanzia magari ya 1998. Kufikia 2012 magari yenye kopo hilo yalikuwa mengi kiasi kwamba serikali iliruhusu majimbo yaanze kuiondoa mipira ya kufyonza kwenye pampu.

Japani, nchi ambako sehemu kubwa ya magari yetu ya mtumba inatoka, haikufuata njia hiyo ya kulazimisha kopo kubwa kwenye gari. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani yana kopo la kunasa mvuke wa gari lililoegeshwa, lakini halijapimwa kwa ajili ya zile lita 40 zinazosukumwa nje kwa dakika mbili wakati wa kujaza. Hapo ndipo historia hii ya mbali inashuka Bandari ya Mombasa na kuingia mtaani kwetu.

Nchini Marekani, sehemu nyingi, dereva anajijazia mwenyewe. Anavuta mvuke dakika chache, anaenda zake. Hapa kwetu kuna mtu. Amevaa sare ya kampuni, amesimama hatua moja kutoka kwenye shingo ya tanki, gari baada ya gari, tangu alfajiri hadi zamu iishe. Lita zikiingia, mvuke unatoka, na pua iliyo karibu zaidi si ya mwenye gari aliyefunga dirisha. Ndani ya mvuke huo kuna benzini, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Waliogombana Marekani kuhusu nani alipe, mpira wa pampu au kopo la gari, angalau walikubaliana kwamba kuna kitu cha kulipia. Sisi tulipokea gari likiwa na kopo ndani, bila kusikia ule ugomvi. Na kifaa usichojua kilipiganiwa na nani, hukilindi.

Ndiyo maana kopo linakufa kifo cha kimya. Pampu imekata yenyewe, tak. Dereva anasema ongeza kidogo, fika elfu tatu kamili, tusisumbuane na chenji. Mhudumu anaongeza. Petroli inapanda juu kuliko inavyotakiwa na kuingia kwenye paipu ya mvuke, na mkaa uliotengenezewa kunasa mvuke unalowa mafuta yenyewe. Ukilowa mara nyingi, unaharibika. Gari linaanza kunuka, au kusumbua kuwaka baada ya kujazwa. Fundi akiangalia bei ya kopo jipya, anaweza kukushauri mtoe tu, mzibe paipu, gari litaenda. Kweli litaenda. Ndiyo shida ya kifaa hiki: kikifa, anayeumia si gari.

Mtu atasema haya ni mambo ya nchi tajiri, sisi tuna matatizo makubwa zaidi. Hoja hiyo tumeshaisikia, na tumeshaijibu. Petroli yenye risasi iliuzwa hapa miaka mingi, na risasi iliingia kwenye damu za watoto bila kuonekana wala kunuka. Mwaka 2001, mjini Dakar, nchi za Kusini mwa Sahara zilikubaliana kuachana nayo. Kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeachana nayo zote, Kenya ikiwemo. Kampeni ya dunia nzima iliendeshwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Gigiri, na pampu za mwisho za petroli hiyo, nchini Aljeria, zilikauka Julai 2021. Hatukungoja tutajirike kwanza. Mtu alipima, akasema, akasema tena, hadi ikawa aibu kuendelea.

Mvuke wa tanki haujapata bahati hiyo hapa. Hauna wingu la kahawia wala diwani wa kuandika barua kila mwaka. Una harufu tu, ile ambayo wengine wetu tuliipenda utotoni, tukashusha dirisha makusudi kila mzazi alipoingia kituo cha mafuta.

Kwa hivyo, kabla sheria haijafika, yapo madogo. Pampu ikikata, imekata. Acha ya chenji. Raba ya kifuniko ikipasuka, badilisha, ni pesa kidogo. Fundi akisema kopo litolewe, muulize litolewe kwa faida ya nani. Na siku utakapokuwa umefunga dirisha ukingoja tanki lijae, mtazame aliyeshika pampu, uone upepo unavuma kuelekea wapi. Haagen-Smit naye alianza na hilo tu: kuna nini kwenye hewa hii, na ni nani anayeivuta?